Friji Iliyotibu Magoti

Friji yetu ilianza kutibu watu mwezi ule ule Tonge alipoanza kutambaa. Mambo haya mawili hayakupaswa kukutana kwenye jiko moja.

Tonge ni mwanangu wa kwanza, na kwa jinsi anavyokula huenda akawa wa mwisho. Friji ni ya bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Nyumba pia ni yake. Nasema hivi mapema kwa sababu kila anayesikia habari hii huniuliza kwa nini sikuchomoa tu plagi. Nilichomoa. Nilichomoa asubuhi, akachomeka. Nilichomoa mchana, akachomeka, kisha akaweka kigoda mbele ya friji na kukaa, mwiko mkononi, kama mlinzi wa benki. Ukiolewa kwenye nyumba ya watu, plagi si yako.

Chanzo cha yote ni pini. Friji ilikuja na plagi ya pini tatu: mbili za kupitisha umeme, na moja ndefu ambayo wengi huiona ni pambo. Tulipoihamisha friji kutoka sebuleni kwenda jikoni, ukuta ule haukuwa na soketi karibu. Mume wangu akaleta waya wa kurefusha wenye matundu mawili. Pini tatu, matundu mawili. Mtu mwingine angeurudisha waya dukani. Mume wangu alichukua msumeno wa chuma akaikata ile pini ndefu, akapuliza vumbi, akachomeka. Friji ikanguruma. Akaniangalia kama mtu aliyetoka kumzalisha ng'ombe.

"Unaona? Ilikuwa imezidi tu."

"Hiyo ndiyo ya ardhi," nikamwambia. "Bati la friji likipata umeme, unapita hapo kwenda ardhini. Sasa utapita wapi?"

"Mama Tonge, friji inafanya kazi."

Mimi ni mtunza ghala kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nina stashahada ya ugavi. Si fundi umeme, na waya wa ukutani sigusi, lakini plagi nimeshapokea kwa maboksi, na fizikia ya sekondari sikuisoma kwa ajili ya kushinda mtihani na kuisahau. Nilimwambia mume wangu aende kwa fundi. Akasema, "Tutaiangalia." Kwa mume wangu neno hilo maana yake ni hapana, lakini kwa upole.

Muda si mrefu friji ikaanza kuuma. Ukigusa mlango, vidole vinasisimka mpaka kiwiko. Siku nyingine kidogo, siku nyingine unaruka. Kila familia ina namna yake ya kuishi na ubovu, na sisi tukapata yetu: jozi ya kandambili nzito ikawekwa mbele ya friji, na mwiko wa mbao ukatundikwa kwenye msumari. Unavaa kandambili, unatia mwiko kwenye mpini wa mlango, unavuta, unarudi nyuma. Ilikuwa kama kurina asali kwa ajili ya nyanya mbili. Wageni walifundishwa kabla ya kuonyeshwa choo.

Mama mkwe wangu alikuwa na goti. Watu wote wana magoti, lakini yeye alikuwa na lake, na lilikuwa na mamlaka ndani ya nyumba. Lilikuwa linaamua tuwashe feni au tusiwashe, mlango ufungwe au ubaki wazi, na nani alale karibu na choo. Lilishapakwa kila mafuta na kufungwa kila kitambaa. Asubuhi moja, sakafu ikiwa bado mbichi kwa deki, akaingia jikoni pekupeku huku akimgombeza mume wangu kupitia dirishani. Mtu akigombeza hakumbuki mwiko. Akaushika mpini wa friji kwa mkono mtupu.

Nilisikia ukelele. Nilipofika, alikuwa ameketi juu ya gunia la mkaa, kilemba kimemfika puani. Nikadhani nimempoteza mama mkwe. Akakisukuma kilemba juu, akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Goti limeachia," akasema.

"Mama, ungeachia moyo."

"Moyo ulikuwa hauumi. Goti ndilo lilikuwa linauma."

Akatoka jikoni bila kuchechemea, akaenda moja kwa moja uani kumalizia kumgombeza mwanawe ana kwa ana.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika. Lakini mwanamke aliyechechemea miaka yote hawezi kupita mtaani ananyoosha miguu watu wakanyamaza. Jirani yetu ni dereva wa lori, mgongo wake umekaa kama kiti cha lori. Akaja jioni na kuvua soksi. Mama mkwe akamwelekeza. Akagusa, akatamka neno ambalo siwezi kuliandika, kisha akainama na kushika vidole vyake vya miguu.

"Sijaviona hivi tangu nioe," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Pale ndipo niliposhindwa. Ungeweza kubishana na goti moja. Goti na mgongo ni ushahidi.

Wiki iliyofuata jiko letu likawa na foleni. Mama mkwe akaweka masharti, na nikiyakumbuka mpaka leo nywele zinasimama. Mgonjwa avue viatu. Mgonjwa aiambie friji, kwa sauti, anaumwa wapi, ili isije ikapiga pasipohusika. Vidole viwili kwa maumivu ya kawaida, kiganja kizima kwa maumivu ya muda mrefu. Kwa magonjwa sugu, sakafu inyunyiziwe maji kidogo. Ungeniambia nikae nitafute namna nzuri zaidi ya kumuua mtu kwa umeme, nisingekuwa na cha kuongeza. Viatu vya mpira vinakukinga, wao wanavivua. Maji yanaurahisishia umeme njia, wao wanayanyunyiza. Halafu wakipona wanaleta mayai kama shukrani, na mayai yanawekwa kwenye friji kwa mwiko.

"Haya, nani anafuata?" mama mkwe angeuliza.

"Mimi, bibi. Shingo."

"Usiniambie mimi. Iambie yenyewe."

Na mtu mzima mwenye ndevu angegeukia mlango wa friji na kusema kwa heshima, "Shikamoo. Ni shingo."

Nilijaribu kueleza. Nilisimama mbele ya foleni nzima, Tonge mgongoni, nikasema, "Jamani, nisikilizeni. Umeme ni kama mgeni mwenye haraka. Shida yake ni moja tu, kufika ardhini, na atapita njia yoyote mtakayomwachia. Ukimwekea waya, atapita kwenye waya. Ukikata waya, atapita kwa yeyote atakayegusa. Nyinyi mna nyayo ngumu na mikono mikavu, anapita kidogo, mnasema mmetibiwa. Siku mkono ukiwa na jasho, atapita mzima mzima, na atapitia kifuani."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo na wewe unakubali kuna kitu kinapita."

"Umeme, mama! Ni umeme!"

"Sawa. Kila dawa ina jina lake la kitaalamu. Nani anafuata?"

Mimi sikuwa na hofu na wale watu wazima. Nitasema ukweli: mtu mwenye ndevu akiamua kuamkia friji, hayo ni yake. Hofu yangu ilikuwa na meno mawili na ilikuwa mgongoni mwangu. Tonge alikuwa amejifunza kutambaa, na kwenye nyumba ile yote alikuwa na safari moja tu. Friji ilinguruma, ilikuwa nyeupe, na watu walikuwa wanaizunguka. Ukimweka chumbani, anageuza kichwa kuelekea jikoni kama dira. Mikono yake ilikuwa na mate muda wote. Magoti yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa mgonjwa kamili kwa masharti ya bibi yake: pekupeku, majimaji, kiganja kizima.

Nikawa nambeba. Nikaenda naye kazini, nikapokea saruji naye mgongoni, nikahesabu mabomba naye mgongoni. Tonge si mtoto wa kubebwa siku nzima. Ni mzigo wa kusainiwa. Nikimshusha nyumbani namtia kwenye beseni kubwa la kufulia na kumpa vifuniko vya sufuria. Anavitupa nje kimoja kimoja, halafu ananyoosha kidole: kule.

"Baba Tonge," nikamwambia mume wangu, "ongea na mama yako."

"Niongee nini? Mtu amepona."

"Mwanao atakufa."

"Si tunamwangalia?"

"Unamwangalia sasa hivi?"

Akageuka. Beseni lilikuwa tupu. Tonge alikuwa mlangoni mwa jiko. Mume wangu alimfuata mbio, lakini aliporudi naye alisema tena kwamba tutaiangalia.

Nikaita fundi mwenyewe. Mtaani kwetu anaitwa Fundi Cheche, na ana vyeti vyake ukutani, na kila sentensi yake lazima iwe na neno "kitaalamu" ndani. Akaja na begi lake, akatoa kijitesta chenye taa ndogo ndani ya mpini, akakigusisha kwenye bati la friji. Taa ikawaka kama jicho la paka.

"Mama Tonge," akasema polepole, "kitaalamu hili ni jeneza lenye barafu."

Nilitaka kumkumbatia. Hatimaye, mtu mwenye akili zake. "Litengeneze," nikasema. "Leo. Sasa hivi."

Akaanza kufungua begi. Mama mkwe, kwenye kigoda chake, alikuwa anamtazama bila kinyongo.

"Fundi, mbona unafungua zipu kwa mkono wa kushoto?"

"Bega, bibi. La kulia halipandi. Kazi ya darini, kila siku mikono juu."

"Lina muda gani?"

"Ah. Mwaka wa pili huu."

Mama mkwe akasogeza kigoda tu, kidogo. Nikamwona Fundi Cheche anaitazama friji. Nikamwona anakitazama kiatu chake.

"Fundi!" nikasema.

"Kidole kimoja tu, Mama Tonge. Kitaalamu."

"Umesema ni jeneza!"

"Jeneza ukilala. Mimi nagusa." Akavua kiatu, akavua soksi, akaikoholea friji kama mtu anayeingia ofisini. "Ni bega," akaiambia.

Mkono wake wa kulia ulipanda juu peke yake, ukapita sikio, ukabaki juu ya kichwa. Akainua macho akautazama kule juu kama ndege aliyetua juu ya paa. Akaushusha. Akaupandisha. Kisha akaanza kurudisha vifaa kwenye begi.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Mama Tonge, tuelewane. Nikiitibu hii friji, nani atanitibu mimi?"

Akampangia mama mkwe siku ya kurudi. Kama mgonjwa, si kama fundi.

Alirudi siku ambayo sikuwa kazini. Nilikuwa nimemtia Tonge kwenye beseni, nikaliweka beseni chini ya meza, nikazungushia viti, na juu ya viti nikalaza ubao wa kupigia pasi. Hata mimi niliona ni gereza. Nikaenda uani kuanika nguo. Nilianika shuka, nikaanika shati, nikasikia kimya. Mwenye mtoto anajua: kelele haina neno, kimya ndicho kinachokimbiza mtu.

Nilipofika mlango wa jiko, foleni ilikuwa imetandaa mpaka kwenye kabati. Fundi Cheche alikuwa mbele, kiganja kizima hewani, anaieleza friji kuhusu bega kwa maneno marefu. Wote walikuwa wanamsikiliza. Na chini, katikati ya miguu mitupu ya watu wale, juu ya sakafu iliyonyunyiziwa maji, Tonge alikuwa anatambaa.

Walikuwa wanampisha. Hilo ndilo lisilonitoka kichwani. Dereva wa lori aliinua mguu ili apite.

"Mpisheni mtoto," akasema. "Naye ana shida yake."

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele, Tonge angecheka na kuongeza mwendo, namjua. Swichi kuu ya nyumba iko ukutani pembeni ya mlango wa jiko, nje ya foleni. Niliishusha kwa kiganja, ikalia *tap*, na friji ikanyamaza katikati ya mngurumo. Ndipo nikaingia kati ya miguu ya watu, nikamdaka Tonge kwenye kifundo cha mguu. Mkono wake ulikuwa umebakiza nafasi ya kupitisha kikombe tu. Alilia kama nimemnyang'anya urithi.

"Umeme umekatika!" mtu akasema.

"Haujakatika," nikasema. "Nimeukata mimi. Na hauwashwi mpaka friji itengenezwe."

Nikarudi kwenye swichi kuu, nikaikinga kwa mgongo wangu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Tonge mapajani. Kila nyumba ina kigoda chake. Na mimi nikawa nimepata changu.

Saa ya kwanza walinicheka. Saa ya pili friji ikaanza kutoa machozi, maji ya barafu yakachuruzika chini ya mlango, na dereva wa lori akasema kwa huzuni, "Inakonda." Wagonjwa wakaanza kunung'unika. Mwenye shingo akasema mimi ni mkatili. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikuta nyumba gizagiza, watu wamekaa kwenye korido kama msibani, mama yake upande huu na mkewe upande ule.

"Kuna nini?"

"Mkeo amemfungia dawa mama yako," akasema mama mkwe.

"Mwanao alikuwa hatua moja kutoka kwenye kuzikwa," nikasema mimi.

Alitutazama kwa zamu, akafungua mdomo, na mimi nikainua kidole.

"Ukisema tutaiangalia, nakwenda kwetu na mtoto, na swichi naondoka nayo mfukoni."

Akaufunga mdomo. Halafu akaketi sakafuni, tai yake bado shingoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni ile pini?"

"Ni ile pini."

Mama mkwe alipoongea hakuwa anaongea na foleni, alikuwa anaongea na mimi.

"Mkwe wangu, wewe unapanda ngazi mbili mbili. Hujui goti. Nilikuwa nakaa chumbani nikiwa na kiu, nasubiri nisikie mtu anapita nimwombe maji. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sasa naenda kuyachukua. Ukifunga huo waya wako, nguvu itakufa, na mimi nitarudi chumbani."

Sikuwa nimelifikiria hilo, nakiri. Nilidhani ni ubishi. Kumbe alikuwa mama mmoja anayeogopa, na mimi mwingine.

"Mama," nikasema, "wewe una goti. Mimi nina huyu." Tonge wakati huo alikuwa anakula ncha ya mtandio wangu. "Goti likirudi, maji nitakuletea mimi, usiku na mchana, hata kama nina mtoto mgongoni na saruji kichwani. Huyu akienda, utaniletea nini?"

Dereva wa lori akapenga kamasi.

Kisha mama mkwe akauliza, kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua, "Huo waya wa ardhi unakwenda wapi?"

"Ardhini. Unachimbiwa fimbo ya shaba nyuma ya jiko, waya unafungwa pale."

"Kwa hiyo nguvu inatoka kwenye friji, inapita kwenye waya, inaingia kwenye udongo wangu."

"Umeme unaovuja, ndiyo."

"Nyuma ya jiko."

"Ndiyo, mama, lakini…"

"Basi udongo ule utakuwa na nguvu."

"Udongo hautibu kitu, mama. Friji yenyewe haikutibu kitu. Ilikushtua, ukaruka, goti likanyooka kwa bahati yako. Nakwambia wazi mbele ya watu."

"Nimekusikia," akasema. "Hayo mengine tutayaona wenyewe." Akamgeukia fundi. "Cheche! Fungua begi."

Fundi Cheche alitafakari. "Kitaalamu," akasema, "ardhi inapokea. Na kikipokelewa, kipo." Akafungua begi, kwa mkono wa kulia.

Alipoivuta friji kutoka ukutani, tulipata jibu la kwa nini siku nyingine iliuma kidogo na nyingine ikamrusha mtu. Panya alikuwa ametafuna ngozi ya waya nyuma yake. Shaba ilikuwa nje, imelalia vumbi na unyevu, inaligusagusa bati bila kuligusa sawasawa. Fundi Cheche aliuelekezea tochi ule waya kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau neno lake.

"Ungelala vizuri kidogo tu juu ya bati," akasema, "mmoja wetu tungekuwa tumeshamzika."

Foleni nzima ikatazama miguu yake. Mwenye shingo akaenda kutafuta viatu vyake.

Kazi ilichukua mpaka kesho yake. Waya uliotafunwa ukabadilishwa. Plagi mpya, pini tatu, aliinunua mume wangu na akaishika njia nzima mkononi kama yai. Soketi ikawekwa ukutani, yenye matundu matatu, ule waya wa kurefusha nikautupa mwenyewe. Nyuma ya jiko fimbo ya shaba ikapigwa nyundo mpaka ikabaki kichwa tu. Na pembeni ya swichi kuu ikafungwa swichi nyingine, ile inayojikata yenyewe umeme ukianza kuvuja kwenda pasipotakiwa. Fundi alibonyeza kitufe chake cha kujaribia, ikajikata mara moja. Nikamwambia abonyeze tena. Nikabonyeza na mimi.

Nilimwomba kile kijitesta. Nikakigusisha kwenye mlango, kwenye mpini, ubavuni, kwenye kila skrubu. Taa haikuwaka.

Tangu asubuhi iliyofuata foleni ikahamia nje. Walikuwa wanasimama nyuma ya jiko, pekupeku, kuizunguka ile fimbo, macho yamefumbwa. Hakukuwa na umeme hata chembe pale chini. Kilichokuwa kinavuja kilikuwa kimeshazibwa. Niliwaambia. Dereva wa lori akaniambia kwa upole kwamba ile ya jikoni ilikuwa kali, ya kupiga na kuondoka, lakini hii ni ya taratibu, inapanda kupitia kisigino. Mama mkwe aliamuru udongo umwagiwe maji asubuhi na jioni ili usikauke, na ndoo akawa anaibeba yeye mwenyewe, kutoka bombani mpaka nyuma ya jiko, goti likiwa linapiga hatua kama la msichana. Fundi Cheche alisema udongo ulioloa unaupokea umeme vizuri zaidi kuliko mkavu, kwa hiyo waendelee kumwagia. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Mtu wa kwanza kusema jambo la kweli kwenye uwanja ule, na alikuwa amesimama kwenye tope kwa mguu mmoja, anaiambia fimbo habari za bega.

Jiko likawa langu. Lilikuwa limekauka, tupu, lina mwangwi. Nikamfungua Tonge mgongoni na kumweka chini karibu na mlango.

Hakupoteza muda. Kiganja, goti, kiganja, goti. Mimi nilikuwa nimeshaigusa friji ile asubuhi, kwanza kwa kijitesta, kisha kwa mgongo wa mkono, kisha kwa kiganja. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha swichi mpya kabla ya kunywa chai. Najua umeme unavyopita. Najua kwamba ukipewa waya haukutafuti wewe. Lakini kujua ni kwa kichwa, na mtoto hakai kichwani. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nikashika ukingo wa meza kwa nyuma, mikono yote miwili, nikakaza.

Akafika. Akaitazama kuanzia chini mpaka juu, kama watu wale wote waliomtangulia. Sijui kama aliiambia kitu. Akaweka viganja viwili, vyenye mate, juu ya mlango mweupe.

Friji ikanguruma. Tonge akanguruma.

Halafu akajivuta. Mkono juu, mkono mwingine juu, makalio yakanyanyuka, magoti yakatetemeka, na mwanangu akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, wima, tumbo mbele, ameegemea friji.

Nikasikia ndoo inaanguka. Mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa nyuma, maji yanamtiririkia miguuni.

"Imemsimamisha!" akapiga kelele kuelekea nje. "Njooni muone! Friji imemsimamisha mtoto!"

"Mama, ni miguu yake."

"Miguu ni yake, nani amekataa? Lakini ameshika nini?"

Dirisha likajaa nyuso. Dereva wa lori, mwenye shingo, Fundi Cheche na tope lake mpaka magotini. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na majibu mengi, ya sekondari na ya chuo. Sikuyatoa. Tonge aliachia mkono mmoja, akautazama, akautia mdomoni, akautoa umelowa zaidi na kuupiga tena kwenye bati, kwa nguvu, mara kwa mara, akicheka, na hakuna kilichomuuma.